Neno Lililokosa Mwenzake

Shakirah Namwase aliingia katika jiu-jitsu kwa sababu ya kwapa. Yeye ni fundi cherehani, mzaliwa wa Buwenge, na cherehani yake ipo kwenye baraza moja karibu na soko kuu la Jinja, Uganda, ambako hushona kanzu, sare za shule na mapazia. Siku moja alijiwa na Mkenya mrefu aitwaye Omollo, fundi wa malori ambaye jioni alikuwa akifundisha mchezo huo wa mieleka katika ghala kuukuu kule Walukuba. Omollo alibeba kitambaa kigumu cha turubai, akaomba ashonewe kimono, lile koti zito ambalo wachezaji huvaa ili washikane ukosi na mikono. Shakirah akashona. Haikupita wiki kikarudi kimechanika kwapani. Akakishona upya kwa uzi maradufu, kikarudi kimechanika palepale.

Sasa huyu ni mtu wa kichwa kigumu, na hakuna kinachomuudhi kama nguo yake kurudishwa. Alimwambia Omollo kwamba hashoni tena mpaka aone kwa macho yake hao watu wanalifanyia nini kwapa la mwenzao. Akaenda kuangalia. Haukupita muda mrefu akawa mkekani yeye mwenyewe, amevaa suruali ndefu, hijabu ameifunga nyuma ya shingo bila pini hata moja, anajifunza kumwangusha mtu aliyemzidi uzito na kumbana chini mpaka akubali yameisha. Aliupenda mchezo huo kwa namna iliyomtia haya hata yeye mwenyewe. Mchana alikuwa anakanyaga cherehani huku miguu ikiwaza mambo mengine.

Mama yake kule Buwenge hakuchukia mieleka. Alichokichukia ni Kiswahili. Kwake Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya miaka ile ya wanajeshi, alipokuwa mtoto na kumwona baba yake akiteremshwa kwenye basi. Maneno mengi ya siku ile yalikwisha kumtoka, lakini moja lilibaki, naye alilitamka kwa sauti ya chini kila mara: piga. Afande mmoja alisema piga, wengine wakapiga. Kwa hiyo Shakirah alikua akijua kwamba piga ni kipigo na si kingine. Hata pasi, ambayo Waswahili huipiga, yeye akinyoosha nguo husema anagolola, kama wanavyosema kwao. Alikisikia Kiswahili cha Omollo na kukifuata, lakini neno hilo moja lilikuwa bado na sura ileile aliyorithi kwa mama.

Na ndilo lililomponza.

Mwaka jana wachezaji wa Mbale walikuja Jinja kwa mazoezi ya kirafiki. Shakirah akapangwa na Nandutu, msichana mwenye mabega ya mtu aliyekulia kukanda unga, na kweli, yeye na dada yake Khainza huuza chapati pale Namakwekwe, mtaa wa kwao Mbale. Walivutana, wakaviringishana, kisha Shakirah akamnasa kwa kile wanachokiita kufuli. Unalala chali umeukumbatia mkono wa mwenzako, miguu yako imepita juu ya kifua chake, halafu unainua kiuno polepole mpaka kiwiko kianze kulalamika. Hapo mwenzako hupigapiga mkeka kwa kiganja, maana yake nimekubali, niachie. Nawe unaachia papo hapo. Mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu huo, na asiye nao afadhali akacheze karata.

Omollo alikuwa amepiga goti pembeni. Aliona kiwiko kinakaribia mwisho, na Nandutu hagusi mkeka. Akapaza sauti: "Piga! Piga!"

Kwao Kisumu neno lingetosha. Alikuwa anamwambia mgeni apige mkeka. Lakini Nandutu alisikia anaambiwa apambane, apige, asikubali. Isitoshe alikulia katika nyumba ambayo kaka zake wote walisimama jandoni mbele ya watu bila kupepesa jicho. Akauma meno, akajinyanyua kwa nguvu zake zote kuung'oa mkono wake. Shakirah naye alisikia mwalimu wake anatoa amri: piga, maliza. Akainua kiuno kwa nguvu zake zote. Wote wawili walikuwa watiifu, na utiifu huo ndio uliovunja mkono. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya turubai linapochanwa, na fundi wetu aliitambua kabla hata Nandutu hajapiga ukelele.

Nandutu alifungwa plasta. Khainza akabaki peke yake na unga, na chapati, na wateja wa Namakwekwe ambao hawana subira. Shakirah alitaka kwenda kuomba radhi, miguu ikakataa. Akamtuma Omollo apeleke sukari na sabuni. Sukari ilirudi, sabuni ikarudi, na salamu hazikutumwa.

Omollo alijilaumu kwa namna yake. Jioni moja aliwakusanya wanafunzi akawaambia kwamba humo ndani ni marufuku kusema piga ikiwa peke yake. Alisema Kiswahili hakina kitu kiitwacho piga tu. Kuna piga simu, piga pasi, piga magoti, piga picha, na usipomtaja mwenzake, kila mtu atampa mwenzi wa kwake. "Nilisema nusu ya neno," alisema, "na nusu ile nyingine msichana wa watu akailipa kwa mkono." Tangu siku hiyo, alisema, anayeshindwa atapiga hodi mkekani. Akichoka, au akibanwa viganja vyote, atasema hodi kwa mdomo, na aliyemshika ataachia palepale na kumjibu karibu. Watu walicheka sana, ila kanuni hiyo waliishika. Jinja wanasema koodi badala ya hodi, na karibu yao huwa kalibu, kwa hiyo ghala lile likawa kama mtaa wa sikukuu: koodi huku, kalibu kule, na majitu yenye jasho yanaachiana shingo.

Shakirah peke yake hakucheka. Alirudi mazoezini, hakukosa, alifika kabla ya wengine na kufagia mkeka. Ukimtazama ungesema ana moyo wa chuma. Lakini kila alipofikisha kufuli mahali pake, mikono ilimlegea. Hakuamua kuilegeza. Ililegea yenyewe, kama uzi unapokatika kwenye sindano. Wenzake wakamzoea. Muhamad, dereva wa boda mwenye tumbo la heshima, alifikia kiwango cha kujilaza tu akinaswa, anangoja aachiwe, kisha anamgeuza na kumkalia. Siku moja alimtania kwamba kufuli la Shakirah halina ufunguo wala halina haja ya ufunguo. Ilimuuma, hasa kwa kuwa ni kweli.

Ndipo ikaja habari kwamba Mbale wanaandaa mashindano, na kwamba Nandutu amepona na atacheza. Omollo alimwandikisha Shakirah bila kumuuliza. Shakirah naye akajiwekea sharti lake mwenyewe, hakumwambia mtu: kama akipata kufuli Mbale na mikono ikilegea tena, basi. Atarudi Jinja, atakitandika kile kimono juu ya meza na kukikata mikoba ya sokoni, na jiu-jitsu itabaki hadithi. Alikuwa amechoka kujidanganya jioni baada ya jioni. Kwenda mazoezini huku ukijua utaachia si bidii, ni woga uliovaa mkanda.

Ukumbi waliopewa Mbale ulikuwa wa kukodisha kwa harusi, na mapambo ya harusi iliyopita yalikuwa bado yananing'inia darini. Shakirah aliingia akitafuta uso mmoja, akaupata kwanza uso mwingine. Khainza alikuwa amesimama ukingoni mwa mkeka, mikono ameikunja kifuani, vumbi la unga lingali kwenye viwiko. Alimtazama Shakirah kuanzia hijabu mpaka vidole vya miguu.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

"Ile mkono ndiyo nakanda unga yetu. Wewe najua?"

"Najua, dada."

Mbale wengi hutumia na- hiyo moja kwa mimi, wewe na yule, na Shakirah alielewa vizuri. Angetukana ingekuwa nafuu. Shakirah alitoka nje akasimama nyuma ya ukumbi, anatafuta ugonjwa wa kusingizia. Malaria ingefaa. Omollo alimkuta hapo. Hakumpa pole wala maji. Alimwambia kwamba upangaji umekwisha, na mtu wake wa kwanza ni Nandutu.

Shakirah alimwomba amtoe. Alisema hawezi, alisema ataachia tu, heri aachie kabla ya kuanza kuliko mbele ya watu.

"Sikukuleta Mbale uombe msamaha," Omollo alisema. "Msamaha ungeomba ukiwa Jinja. Nimekuleta ucheze. Yule msichana amefanya mazoezi mwaka mzima, halafu wewe unataka kumtendea kama yai?"

Akaondoka. Shakirah alimchukia kwa muda unaotosha kufunga mkanda vizuri, kisha akamfuata.

Refa aliwaita katikati. Hapo ndipo alipomwona Nandutu kwa karibu. Mabega yaleyale. Mkono wa kulia ulining'inia ukiwa na pindo dogo pale kiwikoni, pindo ambalo jicho la fundi haliwezi kulikosa: haunyooki tena mpaka mwisho.  Walipeana viganja, na cha Nandutu kilikuwa kikavu. Alikuwa anamtazama usoni moja kwa moja bila kucheka wala kununa.

Wakaanza. Nandutu alikuja kwa kasi, akakamata ukosi, akamvuta chini. Shakirah alijitetea. Yote aliyojifunza yalikuwepo, miguu ilijua kazi, kiuno kilijua kazi, na alipofinywa ubavuni alipumua taratibu kama alivyofundishwa. Akageuza. Akawa juu. Nandutu akasukuma kwa mkono wa kulia, ule ule, akaunyoosha mbele ya kifua cha Shakirah kana kwamba anampa. Mwili wa Shakirah haukuuliza ruhusa. Mguu ulipita juu ya kichwa, mgongo ukaenda chini, na ghafla yuko chali, mkono umekumbatiwa, kiwiko kipo palepale kilipokuwa mwaka jana.

 Wa Jinja walijua, wa Mbale walijua. Omollo alikuwa amepiga goti pembeni kama siku ile, ila safari hii amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Khainza alikuwa amepiga hatua moja mbele, na mtu alikuwa amemshika gauni.

Shakirah alihisi lile pindo dogo dhidi ya kifua chake. Alihitaji kuinua kiuno kidogo tu. Aliisikia tena sauti ya turubai, aliisikia wazi kabisa. Mikono ikalegea.

Nandutu aliuchomoa mkono, akamgeuza, akamkalia, na uzito wake wote ukamlalia Shakirah kifuani. Watu wa Mbale walishangilia. Kwa hiyo ndiyo hivyo, aliwaza Shakirah, mikoba ya sokoni. Machozi yalimjia akiwa amelala chini ya mtu, hali ambayo hata kujifuta huwezi. Lakini Nandutu hakuwa na furaha ya aliyeponyoka. Aliinamisha uso mpaka sikioni, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira.

"Wewe naniachia?" alisema. "Mwaka muzima mimi nafanya mazoezi juu ya hii mkono. Mimi nakupa wewe, na wewe naniachia kama mutoto. Basi mimi nimevunjika mpaka leo. Kamata. Kamata vizuri."

Shakirah alielewa taratibu, kama mtu anayesomewa. Mkono ule ulinyooshwa mbele yake makusudi. Nandutu naye alikuwa na sharti lake, na sharti hilo halikuwa ushindi. Alitaka kujua kama akinaswa palepale, mbele ya watu walewale, atakuwa na akili ya kukubali kabla ya mfupa kuvunjika. Hilo hawezi kulijua kwa mtu anayemwachia. Mwaka mzima Shakirah aliita huruma kitu ambacho kwa mwenzake kilikuwa mlango kufungwa usoni.

Hasira ilimpanda Shakirah, kwanza juu ya nafsi yake, na hasira hiyo ilimfaa. Alikita mguu, akainua kiuno, akampindua Nandutu. Walipigana kwa dhati sasa, ukosi kwa ukosi, na kwapa la kimono lilichanika kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, naye hakujali. Nandutu alikuwa na nguvu kuliko yeye. Mara mbili alikaribia kumpita miguu ili amkalie, mara mbili Shakirah alimrudisha. Refa aliangalia saa. Kisha mkono wa kulia ukajitokeza tena, safari hii kwa kosa la kweli, na Shakirah akaukamata.

Chali. Miguu juu. Kiwiko mahali pake.

Hakuachia. Alianza kuinua kiuno polepole, polepole kuliko alivyowahi kuinua, kama anavyopitisha hariri chini ya sindano akijua ikikwama imeharibika. Alihisi pindo linafika kikomo chake. Akasimama hapo, hakurudi nyuma, hakusonga mbele. Kiganja cha pili cha Nandutu kilikuwa kimebanwa chini ya mguu wake, hakiwezi kugusa mkeka. Meno ya Nandutu yalikuwa yameumana. Mishipa ya shingo ilimsimama. Shakirah aliona uso ule ule wa mwaka jana, uso wa nyumba ya watu wasiopepesa jicho, na moyo wake ukamwambia aachie, aachie sasa hivi. Hakuachia. Akaongeza kidogo, upana wa uzi.

"Sema," alinong'ona. "Dada, sema. Mimi nangoja."

Na meno yakaachana.

"Koodi," alisema Nandutu.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, neno la ghala la Walukuba, lililotungwa kwa sababu yake naye hayupo. Kumbe lilikwisha kufika Mbale.

Shakirah aliachia kabla neno halijaisha. Refa alipunga mikono, watu wa Jinja wakaruka, Muhamad akapiga mbinja. Nandutu aliketi, akaukunja mkono, akaukunjua, akaukunja tena. Ulikuwa mzima. Akautazama kwa muda, kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, halafu akamgeukia Shakirah, ambaye alikuwa bado chali anatazama mapambo ya harusi.

"Mimi nasema koodi," alimwambia. "Kwenu mutu nabisha na hapana najibiwa?"

Shakirah aliketi, akamtazama usoni. 

"Kalibu," alisema.

Mchezo wa pili alishindwa vibaya na mwanamke wa Soroti, na hakusikitika hata chembe. Kwapa la kimono lilikuwa wazi mpaka kiunoni, na tayari alikuwa anawaza namna ya kuliongezea kipande cha ndani. Hakuwaza mikoba.

Kabla ya wa Jinja kuondoka, Nandutu alimshika mkono akampeleka Namakwekwe kwa miguu, bila kumwambia wanakwenda wapi, ingawa hakuhitaji kuambiwa. Khainza alikuwa amewatangulia. Alikuwa chumbani mwao, pazia la mlangoni limefungwa fundo, jiko la mkaa limewashwa, yeye amewapa mgongo, mbele yake beseni la unga ambao ulikuwa umetiwa maji na haujakandwa. Nandutu alipita ndani moja kwa moja, akaketi. Alimwacha Shakirah mlangoni.

Shakirah aliogopa pale kuliko alivyoogopa mkekani. Mkekani angalau kuna refa. Alisimama na kimono chake kilichochanika mkononi.

"Koodi," alisema.

Khainza hakugeuka. Aligusa mkaa, akasogeza kikaango, akaupangusa mwiko ambao haukuwa mchafu. Nandutu aliangalia sakafu. Nje pikipiki zilipita, na mtu aliyetaka chapati aliuliza kama zipo, Nandutu akamwambia bado.

"Kalibu," Khainza alisema mwishowe, bado amewapa mgongo. Akalisukuma beseni kwa mguu kuelekea mlangoni. "Nawa mikono. Unga nangoja."